Asiyekuwepo na Lake Halipo: Nani Aketi Katika Bodi ya Kiafrikaans?

Katika nchi ya Uholanzi zipo jumuiya na wakfu za utamaduni zilizojipa kazi ya kudumisha uhusiano baina ya Kiholanzi na Kiafrikaans, lugha iliyozaliwa kusini kabisa mwa bara letu. Hutunza maktaba, hutoa misaada ya masomo, huwaalika washairi na wanazuoni, na hugharamia tafsiri za vitabu. Kila wakfu una bodi yake: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wajumbe wachache. Watu wengi huyapitia majina ya wajumbe hao haraka, kama wayapitiavyo majina ya wadhamini wa mashindano ya mpira, wakidhani kwamba utamaduni ni jambo la starehe lisilo na siasa ndani yake.

Dhana hiyo ni ya kupotosha. Penye fedha, maktaba na nafasi za masomo pana mamlaka. Na penye mamlaka hapana budi tuulize ni nani ameyashika, ameyapata kwa nani, na anayatumia kwa niaba ya nani. Swali hilo likiulizwa juu ya Kiafrikaans huwa zito zaidi, kwa sababu lugha hiyo ilitumiwa kuwagandamiza mamilioni ya Waafrika, na wakati huo huo ni lugha ya mama ya mamilioni ya watu ambao wao wenyewe waligandamizwa.

Kwanza tufahamu wakfu ni kitu gani kwa mujibu wa sheria za Uholanzi. Chama kina wanachama, na wanachama hukutana, hupiga kura, na wakichoka na viongozi wao huwaondoa. Wakfu hauna wanachama. Una madhumuni yaliyoandikwa katika hati yake, una mali, na una bodi. Kwa kawaida mjumbe mmoja akimaliza muda wake, wajumbe waliobaki ndio wamchaguao wa kukaa katika kiti chake. Wakfu unaotambuliwa na serikali kuwa ni wa manufaa ya umma hupata nafuu ya kodi, na tangu mwaka 2014 unalazimika kutangaza hadharani majina ya wajumbe wa bodi, mpango wake wa kazi na hesabu zake. Wajumbe hawaruhusiwi kulipwa mshahara kwa ujumbe wao; hurudishiwa gharama na kupewa posho ndogo ya kuhudhuria vikao.

Basi hatuna sababu ya kuwashuku wajumbe hao kwamba wanakula fedha. Wengi wa watu wa namna hii hujitolea jioni zao bila ya malipo. Hatari iko kwingine. Bodi inayojichagua yenyewe huchagua watu inaowafahamu, nayo huwafahamu watu waliosoma pamoja nayo, waliosali pamoja nayo, na wanaotamka maneno kama inavyoyatamka yenyewe. Hakuna anayefungiwa mlango kwa makusudi, lakini miaka hamsini hupita na mlango haujafunguliwa kwa mtu mgeni hata mara moja. Wahenga wetu walikwisha kusema: asiyekuwepo na lake halipo.

Historia inaonyesha wazi matokeo ya jambo hilo. Tarehe 27 Februari 1881 Makaburu wa Transvaal waliyashinda majeshi ya Waingereza katika mlima wa Majuba. Uholanzi nzima ilishangilia. Mwezi wa Mei mwaka huo huo ikaundwa mjini Amsterdam jumuiya ya Uholanzi na Afrika Kusini, ijulikanayo kwa kifupi kama NZAV. Waholanzi wa wakati ule waliwaona Makaburu kuwa ndugu zao wa damu waliopotea ng'ambo ya bahari na kupatikana tena. Mwaka 1900, Rais Paul Kruger alipoikimbia nchi yake katika vita vya pili, serikali ya Uholanzi ilimpelekea manowari yake Gelderland kumchukua kutoka Lourenço Marques. Mitaa katika miji ya Uholanzi ikapewa majina ya majemadari wa Kikaburu.

Katika undugu huo wa damu Mwafrika hakutajwa. Aliyesema Kiafrikaans shambani, jikoni, bandarini na msikitini hakuhesabiwa kuwa mwenye lugha, kwa kuwa hakuwa na damu iliyotakiwa. Huo ndio msingi uliojengewa wakfu na jumuiya nyingi za namna hii, na wajumbe wa bodi kwa miaka mingi walichaguliwa kwa kipimo hicho.

Huko Afrika Kusini kwenyewe mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1918 kiliundwa chama cha Broederbond, ambacho baadaye kilijigeuza kuwa cha siri. Walioruhusiwa kuingia walikuwa wanaume weupe tu, wenye kusema Kiafrikaans na wenye kufuata madhehebu ya Kiprotestanti. Mwaka 1929 chama hicho kikaanzisha shirikisho la vyama vya utamaduni wa Kiafrikaans, FAK. Kwa macho ya watu shirikisho lilishughulikia nyimbo, vitabu na sherehe. Nyuma yake walikaa watu wale wale waliokuwa wakitayarisha siasa ya ubaguzi. Mwaka 1948 chama chao cha Nationalist kilipotwaa serikali, utamaduni ulikuwa umekwisha kuwaandalia njia. Ndiyo maana hatuwezi kukubali neno la mtu asemaye kwamba bodi ya utamaduni ni jambo dogo.

Sasa na tuulize: lugha yenyewe ni ya nani? Jan van Riebeeck, mtumishi wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Indi, alitia nanga katika Rasi ya Tumaini Jema tarehe 6 Aprili 1652. Baada yake wakaletwa watumwa kutoka Indonesia, Bara Hindi, Ceylon, Madagaska na Msumbiji. Watu hao, pamoja na Wakhoikhoi wenyeji wa nchi, walilazimika kusema Kiholanzi cha mabwana zao, wakakikunja kwa ndimi zao mpaka kikawa lugha nyingine. Mpaka leo msemaji wa Kiafrikaans akitaka kusema "nyingi" au "sana" hutumia neno baie, lenye asili ya Kimalay. Ndizi huiita piesang, na koti huliita baadjie, kwa asili hiyo hiyo. Mabwana wenyewe kwa muda mrefu waliidharau lugha hiyo, wakaiita Kiholanzi cha jikoni. Walisema kweli bila ya kukusudia, kwa maana jikoni ndiko walikokuwa waliokiunda.

Tena msomaji wa Kiswahili atastaajabu kusikia kwamba miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Kiafrikaans ni yale yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama vile Kiswahili kilivyoandikwa katika pwani yetu kwa karne nyingi. Katika madrasa za Waislamu wa mji wa Cape Town, watoto wa watumwa walisomeshwa dini kwa lugha waliyoielewa. Sheikh Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyepelekwa huko na dola ya Uthmani katika miaka ya 1860, alitunga kwa Kiafrikaans kitabu kizima cha sheria za dini, kikapigwa chapa mjini Istanbul mwaka 1877. Chama cha wazungu wa Paarl kilichojiita Chama cha Waafrikana wa Kweli, ambacho vitabu vya shule vilikisifu kwa kuikomboa lugha hiyo, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1875, yaani miaka miwili tu kabla ya chapa hiyo. Watoto wa madrasa walikuwa wameanza kuiandika mapema zaidi. Lakini mnara wa lugha uliozinduliwa huko Paarl mwaka 1975 ulijengwa wakati wa serikali ya ubaguzi kwa fahari ya watu weupe.

Hesabu za watu nazo zinathibitisha. Sensa ya Afrika Kusini ya mwaka 2011 iliwakuta watu wapatao milioni 6.8 ambao Kiafrikaans ndiyo lugha yao ya kwanza. Katika hao, milioni 3.4 walikuwa wale ambao huko huitwa machotara, na watu weusi walikuwa zaidi ya 600,000. Weupe walikuwa milioni 2.7. Maana yake ni kwamba mzungu ni mchache katika lugha aliyoifanya bendera yake.

Watu hao wengi walifanywa nini na serikali iliyodai kuilinda lugha yao? Mwaka 1956 machotara wa jimbo la Rasi waliondolewa katika orodha ya pamoja ya wapiga kura. Mwaka 1966 mtaa wa District Six mjini Cape Town ulitangazwa kuwa wa weupe. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa, nyumba zao zikabomolewa, wakatupwa katika nyika ya mchanga iliyo nje ya mji. Wengi wao walikuwa wakisema Kiafrikaans. Waliofukuza na waliofukuzwa walitumia lugha moja. Tofauti ni kwamba mmoja aliketi katika bodi na mwingine hakuketi.

Kisha ukaja mwaka 1976. Serikali ilikuwa imeamuru, kwa agizo la mwaka 1974, kwamba wanafunzi Waafrika wafundishwe hesabu na masomo ya jamii kwa Kiafrikaans, lugha ambayo wengi wao hawakuijua na hata walimu wao hawakuimudu. Tarehe 16 Juni watoto wa Soweto waliandamana, na polisi wakawafyatulia risasi. Tume ya serikali yenyewe ilihesabu vifo 575 katika machafuko yaliyofuata mpaka Februari 1977. Vijana waliotoroka walipita Botswana na Swaziland, na wengi wakafika kwetu Tanzania. Huko Mazimbu, Morogoro, ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, siku ile ile ya mwaka ambayo van Riebeeck alitia nanga. Wananchi wa Morogoro waliwaona watoto hao kwa macho yao, na walijua kilichowafukuza kwao. Si ajabu basi kwamba katika Kiswahili neno kaburu likawa jina la dhuluma yenyewe.

Uholanzi nayo ilitikisika. Mkataba wa utamaduni uliotiwa sahihi na nchi hizo mbili mwaka 1951 ulisimamishwa mwaka 1977, mwaka ambao Steve Biko aliuawa mikononi mwa polisi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukavunjwa kabisa. Mwaka 1978 uwanja mmoja wa Amsterdam uliokuwa na jina la Pretorius ulipewa jina la Biko. Lakini jumuiya za undugu wa zamani hazikuvunja uhusiano. Ndipo mwezi Januari 1984 wanaharakati walipoivamia nyumba ya NZAV iliyoko Keizersgracht nambari 141, wakavitoa vitabu na nyaraka za maktaba yake na kuvitupa katika mfereji wa maji uliopita mbele ya nyumba.

Kitendo hicho chapaswa kuhukumiwa kwa uadilifu. Hasira ile ilikuwa na haki. Watu walikuwa wakifa, na waungwana wa bodi wakaona yafaa kuendelea na mazungumzo. Hata hivyo kitabu kilichozama majini hakimhukumu mtu tena. Nyaraka za mdhalimu ni ushahidi wa wadhulumiwa. Zikipotea, anayefaidika ni yule aliyetenda. Katika lundo la vitabu vya Kiafrikaans kuna sauti za wale waliopinga. Breyten Breytenbach alifungwa tangu mwaka 1975 hadi 1982 kwa kushirikiana na wapigania uhuru. Adam Small aliandika kwa lahaja ya Rasi kuhusu maisha ya watu wa tabaka lake. Mchungaji Beyers Naudé, mtoto wa mmoja wa waasisi wa Broederbond, aliasi mwaka 1963 na kuingia upande wa haki. Kosa halikuwa katika rafu za vitabu. Lilikuwa katika viti vya mezani.

Wapigania uhuru wenyewe waliliona jambo hilo mapema. Mwezi Desemba 1987 wasanii wa Afrika Kusini, waliotoka ndani na walioishi uhamishoni, walikutana mjini Amsterdam katika mkutano mkubwa wa utamaduni. Katika mkutano ule ilikubalika kwamba ususiaji uwe na macho: utamaduni wa ubaguzi ususiwe, na utamaduni wa wananchi wanaopigania uhuru usaidiwe. Kipimo hicho hakikuuliza kazi ya sanaa imeandikwa kwa lugha gani. Kiliuliza inamtumikia nani. Na Afrika Kusini ilipopata uhuru wake, katiba ya mwaka 1996 haikulipiza kisasi kwa Kiafrikaans. Ilikiweka sawa na lugha nyingine kumi.

Hapa wako watakaosema: hayo ni mambo ya Waholanzi, fedha ni zao, nyumba ni yao, nasi yatuhusu nini? Tunawajibu kwamba sisi tulikwisha kupita njia hiyo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya Wazungu watupu: maofisa wa elimu na wamisionari wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Hatukatai kwamba walifanya kazi kubwa. Kamusi zao tunazitumia mpaka leo. Lakini waliamua tahajia yetu, lahaja yetu ya shule na vitabu vya watoto wetu wakati wenye lugha wamesimama nje ya mlango, na washairi wa Mombasa na Lamu hawakuulizwa. Tulipojitawala tulijua la kufanya: mwaka 1964 ikaundwa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa. Hatukuitupa kazi ya kamati ile baharini. Tuliwabadilisha waliokalia viti.

Wapo pia watakaosema kinyume chake: lugha iliyoua watoto wa Soweto na ife, na wakfu zake zife nayo. Uchungu huo twauelewa, lakini tukiufuata tutamwadhibu nani? Mzungu tajiri anacho Kiingereza na atahamia huko. Atakayebaki bila ya lugha ni mvuvi wa pwani ya magharibi, mfanyakazi wa mashamba ya mizabibu, na mama wa vitongoji vya Cape Town. Wao walikwisha kunyang'anywa kura na nyumba. Hatuna haki ya kuwanyang'anya na ulimi.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 1994 mambo mengi yamebadilika. Mashairi ya Ronelda Kamfer, binti wa Rasi, yametafsiriwa kwa Kiholanzi na kusomwa Amsterdam. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Western Cape kilishiriki kuanzisha kazi ya kamusi ya Kaaps, ile lahaja ya Rasi iliyodharauliwa. Hizo ni hatua njema. Lakini kumwalika mshairi asome jioni moja, kisha apande ndege arudi kwao, ni ukarimu tu. Mgeni hushukuru kwa chakula alichoandaliwa. Mwenye nyumba ndiye aamuaye kipikwe nini. Anayestahili kuwa mwenye nyumba asifanywe mgeni wa daima.

Kwa hiyo wakfu yoyote ya Kiholanzi inayojinasibisha na Kiafrikaans ingepaswa kupimwa kwa mambo manne. Kwanza, nusu ya viti vya bodi viwe vya watu wanaotoka katika wale walio wengi katika lugha hiyo, na wawe na kura kamili. Cheo cha ushauri kisichoweza kuzuia jambo lolote hakitoshi. Pili, muda wa ujumbe uwe na ukomo unaofuatwa, na nafasi zitangazwe wazi badala ya kunong'onezwa baina ya marafiki. Tatu, hesabu za mwaka zionyeshe ni kiasi gani kimekwenda kwa waandishi, wanafunzi na shule za vitongojini, na ni kiasi gani kimebaki katika karamu na mihadhara ya Ulaya. Nne, nyaraka za zamani, pamoja na zile zinazowaaibisha waasisi, zinakiliwe na kupelekwa Afrika Kusini ili wananchi wazisome kwa macho yao.

Hakuna hata moja katika hayo linalokatazwa na sheria ya Uholanzi. Bodi inayojichagua yenyewe ina uwezo wa kuchagua vema kama ilivyo na uwezo wa kuchagua vibaya, na haihitaji kumwomba mtu ruhusa. Majina yanatangazwa, yeyote anaweza kuyasoma na kuhesabu.

Kwa miaka mia tatu na zaidi mtumwa na wajukuu zake waliibeba lugha hiyo mabegani, wakaimba kwayo, wakaomba Mungu kwayo, wakawalaza watoto wao kwayo. Wakfu unaosema unaipenda lugha yao uwape kiti, kalamu na kura.